Mshahara wa Mwalimu: Hupangwa na Nani, na Je, Ni wa Haki?

Hakuna mtumishi wa umma ambaye mshahara wake hujadiliwa sana vijijini kama mwalimu. Mzazi husema kwamba mwalimu hupumzika Aprili, Agosti na Desemba, na huku mshahara wake unaingia benki kila mwezi kama kawaida. Mwalimu naye hujibu kwamba kijana aliyemfundisha kushika kalamu sasa ni karani katika shirika la umma, na apokea zaidi kuliko yeye. Kila mmoja ana sehemu yake ya kweli. Lakini mara nyingi wote wawili hawajui ni nani aliyeketi akaamua kwamba mwalimu apate kiasi hiki wala si kile, na kwa sababu gani. Makala haya yaeleza jambo hilo, ili msomaji apate kupima mwenyewe kama mshahara huo ni wa haki.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Waziri wa Elimu si mwajiri wa walimu, wala mwalimu mkuu si mwajiri, wala kaunti si mwajiri, isipokuwa kwa walimu wa shule za chekechea ambao waliwekwa chini ya kaunti baada ya Katiba ya mwaka 2010. Mwajiri wa walimu wa shule za umma, za msingi na za sekondari, ni Tume ya Kuajiri Walimu, ambayo wengi huiita TSC. Ibara ya 237 ya Katiba yaipa Tume hiyo kazi ya kuandikisha walimu, kuwaajiri, kuwapeleka shuleni, kuwapandisha vyeo na kuwarudi wanapokosa. Tume ndiyo inayotia fedha benki mwisho wa mwezi. Lakini kulipa ni jambo moja na kuamua ni jambo jingine. Mpishi ndiye agawaye ugali, lakini huenda si yeye aliyenunua unga, wala hakuulizwa ni vibaba vingapi vitiwe sufuriani.

Upande wa pili wa meza wameketi wajumbe wa vyama vya walimu. KNUT, chama kilichoundwa tarehe 4 Desemba, 1957, kwa miaka mingi kilisema kwa ajili ya walimu wote, na siku hizi nguvu yake kubwa ni katika shule za msingi. KUPPET, kilichozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kinawasemea hasa walimu wa sekondari na wa vyuo. KUSNET ni cha walimu wanaofundisha watoto wenye mahitaji maalum. Mwajiri na vyama hukutana, hushindana kwa maneno na kwa hesabu, na wakipatana hutia sahihi Mkataba wa Makubaliano ya Pamoja, ambao kwa kawaida hudumu miaka 4. Haya si hisani ya mwajiri. Ibara ya 41 ya Katiba yampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, na yakipa kila chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri.

Watu wengi hudhani kwamba mambo huishia hapo. Siyo. Yuko mtu wa tatu ambaye haketi mezani, na hata hivyo meza haiwezi kumaliza kazi bila neno lake. Huyo ni Tume ya Mishahara na Marupurupu, iitwayo SRC, iliyoundwa na Ibara ya 230. Kwa Rais, mawaziri, wabunge, majaji na wakuu wengine wa Dola, tume hii hupanga mishahara yenyewe. Kwa watumishi wengine wote wa umma, walimu wakiwamo, Katiba yasema kwamba hushauri. Neno hilo “kushauri” laonekana kuwa dogo, lakini ndilo lililoleta ugomvi mkubwa wa mwaka 2015, ambao tutaufikia.

Wa nne ni Hazina ya Serikali pamoja na Bunge. Shilingi ya umma haitoki bila Bunge kupitisha fungu lake katika Bajeti ya mwaka. Msomaji afikirie hesabu ndogo. Walimu wanaoajiriwa na TSC ni zaidi ya 300,000. Ukiwaongezea walimu 300,000 Shs. 1,000 tu kila mmoja kwa mwezi, umetumia Shs. bilioni 3.6 kwa mwaka. Shilingi elfu moja haitoshi kununua mabati mawili ya kuezekea, lakini kwa Hazina ni mlima. Ndiyo sababu walimu, kwa kuwa wao ni wengi mno, hujibiwa “fedha hakuna” mapema kuliko watumishi wengine. Hiyo ni sababu ya kweli kwa mtu wa hesabu, lakini kwa mwalimu mmoja mmoja ni jibu gumu kulimeza, maana yeye hakuomba wenzake wawe wengi.

Utaratibu huu wa mwajiri mmoja haukuwako zamani. Katika siku za ukoloni walimu Waafrika walikuwa na mabwana wengi. Baadhi waliajiriwa na misheni mbalimbali zilizopata msaada wa fedha kutoka kwa Serikali, na wengine na Halmashauri za Elimu za Wilaya. Masharti yalitofautiana kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine. Juu ya hayo kulikuwa na ubaguzi wa rangi uliowekwa wazi katika maandishi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali katika Afrika Mashariki, ilikubali kanuni kwamba asiyekuwa Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu katika kazi ile ile. Mwaka 1954 Tume ya Lidbury iliifuta kanuni hiyo na kutaka mpango mmoja wa mishahara, lakini iliacha nyongeza maalum kwa watumishi waliotoka ng'ambo, na kwa hiyo mfuko wa Mwafrika haukuona tofauti kubwa upesi.

Hayo ndiyo mazingira yaliyozaa KNUT. Ombi lake la kwanza halikuwa shilingi peke yake. Kilitaka walimu wote wa nchi wawe na mwajiri mmoja na masharti mamoja, ili mwalimu wa Kisii na mwalimu wa Kilifi wenye cheti kimoja walipwe sawasawa. Walimu waligoma mwaka 1962, na tena katikati ya miaka ya 1960, baada ya Uhuru, wakati ambapo shule za msingi zilikuwa mikononi mwa halmashauri za wilaya na si halmashauri zote zilizoweza kulipa mishahara kwa wakati. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda TSC, na mwaka 1970 Serikali Kuu ikachukua elimu ya msingi kutoka kwa halmashauri nyingi. Tangu hapo mwalimu hakuuliza tena kama halmashauri yake imekusanya kodi ya kutosha mwezi huu. Sheria hiyo pia iliweka Kamati ya Mishahara, ambamo wajumbe wa upande wa mwajiri na wa chama cha walimu walikutana pamoja.

Sasa tuangalie mwaka 1997, maana mwaka huo wafundisha jambo ambalo walimu wengi wa leo walilisikia tu kwa wazee wao. Mnamo Oktoba walimu waligoma, na uchaguzi mkuu ulikuwa karibu, tarehe 29 Desemba. Serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, italipwe kwa mafungu 5 katika miaka 5. Makubaliano yakachapishwa katika gazeti rasmi la Serikali kama Tangazo la Sheria Nambari 534. Walimu wakarudi madarasani kwa furaha. Fungu la kwanza lililipwa. Kisha uchaguzi ukapita, na mwaka 1998 Serikali ikasema kwamba uchumi hauwezi kubeba yaliyobaki. Walimu wakagoma tena Oktoba ya mwaka huo, na wakarudi kazini mikono mitupu. Mwaka 2002 wakagoma mara nyingine, tena kabla ya uchaguzi, na ni serikali iliyoingia baada ya uchaguzi huo iliyokubali kulipa mabaki kwa mafungu mapya. Ahadi ya miaka 5 haikutimia katika miaka 5, na wako walimu waliostaafu kabla haijatimia.

Waliolaumu Serikali walikuwa na sababu nzuri, kwa maana sahihi ni sahihi. Lakini hata mtu anayewaunga mkono walimu hana budi kuona kwamba ahadi ile ilitolewa bila kuulizwa fedha zitatoka wapi, na wakati ambao mtoaji alihitaji kura. Makubaliano ya namna hiyo humfanya mwalimu kuwa mdai wa Serikali badala ya kuwa mpokeaji wa mshahara.

Katiba ya mwaka 2010 iliundwa na watu waliokumbuka mambo haya, si ya walimu tu bali na ya wabunge waliokuwa wakijiongezea mishahara wenyewe. Ndipo ikaletwa SRC. Ibara ya 230 yaitaka tume hiyo itazame mambo manne: kwamba jumla ya mishahara ya umma isizidi uwezo wa nchi, kwamba utumishi wa umma uweze kuvuta na kuweka watu wenye ujuzi, kwamba bidii na matokeo ya kazi yatambuliwe, na kwamba kuwe na uwazi na haki. Msomaji ataona kwamba uwezo wa nchi umetajwa kwanza na haki mwisho. Mpangilio huo hauna nguvu ya sheria, lakini katika mabishano mengi ya mishahara ndivyo mambo yalivyokwenda.

Tarehe 30 Juni, 2015, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba walimu waongezwe mshahara wa msingi kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa. Septemba walimu wakagoma nchi nzima kwa muda wa wiki tano hivi. Serikali ikaamuru shule zifungwe isipokuwa kwa watahiniwa, na watoto wengine wakakaa nyumbani katika muhula wa mwisho wa mwaka. Walimu nao wakauona mwisho wa mwezi bila mshahara. Kisha tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufani ikatangua uamuzi ule wa kwanza. Ilisema kwamba ushauri wa SRC, ijapokuwa waitwa ushauri, haupuuzwi. Katiba inapoagiza jambo lifanywe kwa ushauri wa mwingine, mwenye kulifanya hana budi kuufuata. Basi tangu siku hiyo mwajiri na vyama hawawezi kupatana kiasi kinachopita kile ambacho SRC imekikubali, hata wakipatana kwa moyo mmoja.

Walimu wengi waliona uamuzi huo kama mlango uliofungwa usoni mwao. Mtu akitazama yaliyofuata ataona kwamba ulikuwa na pande mbili. SRC ilifanya uchunguzi wa uzito wa kila kazi ya umma, ikapima elimu inayohitajika, wajibu na madaraka, na juu ya msingi huo ukatiwa sahihi mnamo Oktoba 2016 mkataba wa Shs. bilioni 54, wa kuanzia Julai 2017 hadi Juni 2021. Mkataba huo ulilipwa kwa mafungu yake mpaka mwisho. Ulikuwa mdogo kuliko walichokuwa wamepewa na mahakama, lakini uliingia mfukoni.

Mkataba uliofuata, uliotiwa sahihi Julai 2021, haukuwa na nyongeza ya mshahara kabisa. Nchi ilikuwa imetoka katika pigo la ugonjwa wa Korona, na SRC ilikuwa imeshauri kwamba mishahara ya umma isiongezwe kwa muda. Vyama vilitia sahihi kwa shingo upande na kuendelea kudai, na Agosti 2023 nyongeza ya asilimia 7 hadi 10 ikakubaliwa, ilipwe kwa mafungu mawili. Fungu la pili lilitazamiwa Julai 2024. Lakini Juni 2024, baada ya maandamano ya vijana, Mswada wa Fedha uliondolewa, na Serikali ikaanza kupunguza matumizi. Ghafula fungu la walimu likawa mashakani, ijapokuwa mkataba ulikuwa umetiwa sahihi. Ilibidi vyama vitishe kugoma ndipo fedha zikapatikana, na hata hivyo walimu wa KUPPET waligoma kwa muda wa wiki moja hivi mwisho wa Agosti kwa madai mengine yaliyobaki. Mkataba ulioko sasa ulitiwa sahihi Julai 2025, ni wa Shs. bilioni 33.8, na utadumu miaka 4.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya hesabu kubwa zinazotangazwa redioni. Mtu asikiapo “bilioni 33.8” hudhani walimu wametajirika. Gawanya kwa miaka 4, kisha kwa walimu 300,000, kisha kwa miezi 12. Unabaki na wastani wa zaidi kidogo ya Shs. 2,300 kwa mwezi, na kwa kuwa walimu ni wengi kuliko hao, wastani wenyewe ni mdogo zaidi. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, lakini yatosha kumzuia mwenye duka asipandishe bei siku ya pili.

Asilimia nazo zahitaji kutazamwa kwa makini. Asilimia 10 ya Shs. 22,000 ni Shs. 2,200. Asilimia 7 ya Shs. 130,000 ni Shs. 9,100. Yaani mkubwa aliyepewa asilimia ndogo ameondoka na nyongeza iliyozidi ya mdogo mara nne. Chini ya mkataba wa mwaka 2017, mshahara wa msingi wa ngazi ya chini kabisa, iitwayo B5, ambayo ni ya mwalimu wa shule ya msingi aliyeanza kazi, ulikuja kuanzia Shs. 21,756. Ngazi ya juu kabisa, D5, ya wakuu wa shule kubwa za sekondari, ulimalizikia Shs. 157,656. Walimu wa darasani walilalamika kwamba mkataba huo uliwajali wakuu wa shule kuliko wao, na lalamiko hilo halikuwa la bure. Mikataba ya mwaka 2023 na 2025 imejaribu kulirekebisha kwa kuwapa walio chini asilimia kubwa zaidi.

Juu ya mshahara wa msingi huja marupurupu. Iko posho ya nyumba, ambayo Nairobi ni kubwa kuliko mahali pengine kwa kuwa kodi za nyumba huko ni ghali. Iko posho ya safari, na posho ya likizo mara moja kwa mwaka. Iko pia posho ya mazingira magumu kwa walimu wa Turkana, Wajir, Mandera, Tana River na sehemu nyingine kama hizo. Posho hii ya mwisho huonekana kuwa kubwa kwa mtu anayeisoma akiwa mjini. Lakini mnamo Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na magaidi wakaua watu 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Baada ya hapo mamia ya walimu walikataa kurudi huko, na hakuna posho iliyowashawishi. Watoto wa Mandera ndio waliobaki na madarasa bila mwalimu.

Kisha kuna makato, ambayo mzazi hayaoni. Kodi ya mapato hukatwa. Tangu Machi 2024 hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya ya jamii. Mwalimu ambaye jumla ya mshahara wake ni Shs. 40,000 hutoa Shs. 600 kwa nyumba na Shs. 1,100 kwa afya. Walio katika mpango mpya wa pensheni ulioanza Januari 2021 hutoa pia asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi baada ya miaka miwili ya kwanza, na Serikali huwaongezea asilimia 15. Hii ya pensheni ni akiba yao wenyewe, lakini siku ya sokoni haionekani. Nyongeza ya mwaka 2023 na makato haya mapya vilikuja karibu pamoja, ndiyo sababu walimu wengi walifungua karatasi zao za mshahara na kuona kwamba nyongeza imepita kama mgeni asiyeketi.

Na mikopo? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kuna walimu wanaoishi kwa theluthi hiyo moja miaka na miaka kwa sababu ya mikopo ya shamba, ya nyumba na ya karo. Hilo si kosa la mwajiri, na si haki kulihesabu kama udogo wa mshahara. Lakini pia si haki kumcheka mwalimu kwa kukopa, maana ni nani mwingine kijijini ambaye benki humkopesha, na ndugu wote walijua hivyo?

Sasa turudie swali la haki. Katika jambo moja utaratibu wa leo unashinda ule wa zamani bila shaka yoyote: ngazi za mishahara zajulikana na wote, na hazimwulizi mtu kabila, dini, rangi wala kama ni mwanamume au mwanamke. Mwalimu wa C2 Vihiga na mwalimu wa C2 Lamu wana mshahara mmoja wa msingi. Walimu wa mwaka 1957 walipigania hilo, na walilipata.

Udhalimu uliobaki haumo katika ngazi zenyewe bali katika kuzipanda. Mwalimu anayeanza hupanda hatua za mwanzo baada ya miaka michache ya kazi akiwa na ripoti nzuri. Lakini kupita hapo, kupanda kwahitaji nafasi iliyo wazi, tangazo na usaili, na nafasi hutegemea fungu ambalo Bunge limetoa. Walimu wanaotimiza masharti ni wengi kuliko nafasi mara nyingi. Matokeo yake ni kwamba wako walimu wenye shahada na ripoti safi waliokaa ngazi moja miaka zaidi ya 10, wakifundisha chini ya waliokuwa wanafunzi wao. Mtu wa namna hiyo hasaidiwi sana na asilimia zinazotangazwa, kwa maana hatua moja ya cheo ingempa zaidi kuliko mkataba mzima. Kwa maoni yetu hapa ndipo vyama vingepaza sauti zaidi, na hapa ndipo TSC ingepaswa kueleza kila mwaka, kwa kila kaunti, ni nani aliyepanda na kwa nini.

Jambo jingine ni la walimu wafanyao kazi ile ile bila kuwa katika ngazi yoyote. Shule za sekondari msingi zilipoanza mwaka 2023, Serikali iliwaweka huko maelfu ya walimu wanagenzi kwa malipo ya Shs. 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hali wana vyeti kamili na wameandikishwa na TSC. Walishika darasa kama mwalimu mwingine yeyote, mara nyingi masomo mengi zaidi. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba si halali kumwajiri mwalimu aliyehitimu kama mwanagenzi. Mei wakagoma. Januari 2025 wapatao 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu, lakini mwaka huo huo wanagenzi wengine wakachukuliwa. Serikali yasema bila njia hii madarasa yangebaki matupu, na huenda ni kweli. Hata hivyo ni vigumu kumweleza mtu yeyote ni kwa nini watu wawili wanaofuta ubao mmoja wapokee malipo yaliyotengana kiasi hicho.

Wako pia walimu wa bodi, walioajiriwa na halmashauri ya shule kwa michango ya wazazi, na walimu wa shule za binafsi wanaolipwa kwa mapatano na mwenye shule. Hawa wote hawamo katika mkataba tulioueleza, na wengi hupata kidogo kuliko B5. Mzazi anayelalamika kwamba mwalimu analipwa sana yafaa aulize kwanza ni mwalimu gani, na ni nani anayemlipa. Pengine atakuta kwamba mwajiri ni yeye mwenyewe.

Raia anayetaka kusema neno juu ya jambo hili ana nafasi. Kila mwaka, kabla ya Bajeti kupitishwa, Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wananchi, na fungu la TSC ni miongoni mwa mafungu makubwa kabisa katika kitabu hicho. Humo ndimo mtu aweza kuona ni fedha kiasi gani zimetengwa kwa kupandisha vyeo na kwa kuajiri walimu wapya. Mkataba wa sasa utakwisha tarehe 30 Juni, 2029. Nyongeza yoyote ya Julai mwaka huo itahitaji ushauri wa SRC na fungu katika Bajeti itakayosomwa Juni, kwa hiyo mapendekezo ya vyama hayana budi kuwa mezani mapema kabla ya hapo.